Mkono wa Dereva, Springi ya Fundi

Katika miaka ya 1950, kwenye kambi kubwa ya ndege za jeshi ambayo Wabelgiji waliijenga nje ya mji wa Kamina, Kongo, wanafunzi wa urubani waliopanda ndege aina ya Harvard walikuta mbele yao geji moja isiyosimama kwenye sufuri. Injini imezimwa, propela imetulia, na mshale bado unaonyesha inchi kama 26 za zebaki. Geji ilikuwa nzima. Ilikuwa inapima hewa ya Kamina, mahali palipo takriban mita 1,080 juu ya usawa wa bahari, kabla injini haijaiongezea chochote. Injini yenyewe, Pratt & Whitney R-1340 yenye silinda tisa zilizopangwa duara, ilikuwa na feni ya ndani iliyozungushwa kwa gia ili kusukuma hewa zaidi kwenye silinda. Rubani alisukuma wenzo huku akitazama mshale ukipanda kuelekea inchi 36, mpaka wa kurukia, ambapo injini hiyo ilipangiwa kutoa nguvu za farasi 600. Mpaka huo aliulinda kwa jicho.

Gari la kujifungia turbo mwenyewe humweka dereva kwenye kiti cha rubani yule. Nasema gari ambalo halikutoka kiwandani na turbo, au lililowekewa injini ya mtumba kutoka Japani, mabomba yakakatwa na kulehemiwa uani chini ya mwembe. Wengi wanamsifu aliyelehemu. Mimi sifa zangu nyingi nawawekea wachache wanaokuja baada yake, wale wanaompa dereva njia ya kupandisha na kushusha presha ya turbo akiwa ameketi. Kazi yao ni ndogo kwa macho, vifaa vyake vyote vinaenea kwenye kiganja, na humo ndimo injini hupona au hufa.

Tuanze na kikopo. Turbo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Upande mmoja moshi unapiga turbini, upande wa pili kompresa iliyo kwenye mhimili huohuo inasukuma hewa ndani. Turbo ndogo ya gari huweza kupita mizunguko 150,000 kwa dakika. Ikiachwa bila breki, hewa nyingi huzaa moshi mwingi, moshi mwingi huzaa hewa zaidi, na mchezo huo huisha kwa kitu kupasuka. Breki yake ni kilango kidogo cha chuma ndani ya nyumba ya turbini, ambacho mafundi hukiita westigeti. Kikifunguka, sehemu ya moshi hupita kando bila kugusa turbini. Kilango kinafunguliwa na fimbo, fimbo imeshikwa na kikopo cha bati kinachoenea kwenye ngumi, na ndani ya kikopo mna springi na utando wa mpira. Mpira mwembamba unaleta hewa kutoka kwenye kompresa hadi kwenye utando. Hewa ikiishinda springi, fimbo inasogea, kilango kinafunguka, presha inakoma kupanda.

Fundi mwenye subira hakiamini kikopo kilichotoka kwenye rundo la vyuma sokoni. Anakipima kabla hajakifunga, na Kamina hahitaji mashine ya gharama kwa kazi hiyo, kwa kuwa pampu ya baiskeli haikosekani. Anaunganisha pampu, kiungo cha T, geji na kikopo, kisha anasukuma polepole huku kidole cha shahada kimelala juu ya fimbo. Anatafuta namba mbili. Ya kwanza ni pale fimbo inapotikisika tu, jambo ambalo kidole hulijua kabla ya jicho. Ya pili ni pale fimbo inapokuwa imefika mwisho wa safari yake. Anaziandika kwa chaki juu ya bati. Halafu anaacha kusukuma na kungoja. Mshale ukishuka wenyewe, anapaka maji ya sabuni kwenye viungo vyake vyote. Povu lisipotoka popote, utando umetoboka na kikopo hicho kinarudi kwenye rundo. Kazi hii anaifanya mapema kwa sababu kila atakachokifanya baadaye kinasimama juu ya ile namba ya kwanza. Springi ndiyo sakafu. Kifaa cha kurekebisha presha kwa mpangilio tunaouzungumzia hapa kinaweza kupanda juu ya sakafu hiyo, hakiwezi kushuka chini yake.

Sasa siri ya kazi, ambayo kila ninapoifikiria inanichekesha. Dereva anayetaka presha zaidi haigusi turbo hata kidogo. Anamdanganya mlinzi. Ukimpunguzia utando hewa inayoufikia, springi itadhani presha bado iko chini, kilango kitabaki kimefungwa, na turbo itaendelea kupanda. Njia ya kwanza na ya zamani ni kutoboa njia ya hewa pembeni: kiungo cha T kwenye mpira mwembamba, na vali ndogo ya kumwaga hewa nje. Ukifungua vali, hewa nyingi inapotea njiani na utando unapata kidogo. Ili udanganyifu huu utulie, fundi anaweka kabla ya T kizibo chenye kitundu cha milimita moja hivi. Bila kizibo hicho kompresa hufidia kila kinachomwagwa na vali hubaki pambo. Njia hii inafanya kazi, lakini ina uvivu ndani yake. Utando unaanza kupata hewa mapema, kilango kinaanza kuchungulia mapema, na moshi ambao ungekuwa unaipandisha turbo unavuja kabla ya wakati.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda. Chukua kipande cha shaba nyeupe kirefu kama kidole, kimetobolewa katikati. Ndani yake weka gololi ya chuma, ile ya kitovu cha gurudumu la baiskeli inafaa, ikae juu ya kiti kilichochongwa vizuri. Nyuma ya gololi weka springi, na nyuma ya springi skrubu ya kuibana. Hewa ya kompresa inapiga gololi kutoka mbele. Isipoishinda springi, hakuna hewa hata chembe inayofika kwenye kikopo, na kilango kinabaki kimefungwa barabara. Ikiishinda, gololi inaruka, kikopo kinapata hewa yote kwa mkupuo, na kilango kinafunguka. Matokeo yake dereva huyasikia mgongoni: turbo inaamka mapema kuliko ilivyoamka jana, ingawa presha ya mwisho ni ileile. Kuna vijana wanaotumia springi ya kalamu ya wino. Kwa majaribio sawa. Kwa gari la safari sikubali, kwa kuwa springi ya kalamu haikutengenezwa ikae karibu na turbini mchana kutwa, na ikilegea inabadilisha namba bila kumwambia mtu.

Ndani ya kifaa hicho kuna jambo linalomtofautisha fundi aliyeelewa na fundi aliyeiga. Upande wa pili wa gololi, kuelekea kikopo, lazima kuwe na kitundu chembamba kinachotoka nje, chini ya milimita moja. Dereva akiachia pedali, presha inashuka, gololi inarudi kwenye kiti chake, na ile hewa iliyokwisha kuingia kwenye kikopo inafungiwa ndani haina pa kutokea. Kilango kinabaki wazi. Dereva akikanyaga tena, gari linakuwa zito, linakohoa, na yeye anaanza kulaumu petroli, plagi, mpaka aliyemuuzia injini. Kitundu kile kinaimwaga hewa iliyonaswa. Ni kidogo kiasi kwamba vumbi jekundu la barabara za jimbo la Haut-Lomami linaweza kukiziba kwa wiki chache, kwa hiyo fundi makini anakigeuza kitazame chini na kukivalisha kipande cha sifongo.

Mpaka hapa kifaa kiko chini ya boneti, na dereva akitaka kubadilisha presha lazima asimame, ashuke, ashike skrubu ya moto. Shauku ya kuileta skrubu hiyo ndani ina historia ya heshima. Mwaka 1973 Mark Donohue alishinda mashindano ya Can-Am huko Marekani ya Kaskazini akiwa na Porsche 917/30, gari lenye turbo mbili na zaidi ya nguvu za farasi 1,000, na kwenye chumba chake cha dereva kulikuwa na kitufe cha kuzungusha cha kurekebisha presha. Muongo mmoja baadaye madereva wa Formula 1 nao walikuwa na kitufe chao. Watu wanakumbuka walivyokizungusha juu ili kumpita mwenzao. Wanasahau kwamba kuanzia mwaka 1984 sheria iliwapa lita 220 za mafuta kwa mbio nzima, bila ruhusa ya kujaza njiani, na mwaka 1986 zikapunguzwa hadi 195. Mkono ule ulikuwa na kazi kubwa ya kushusha.

Na kushusha ndiyo sababu nzuri ya kuwa na kitufe hicho Kamina. Petroli inafika mjini baada ya safari ndefu, na nyingi inauzwa kando ya barabara kwa chupa na bidoni na wale ambao sehemu nyingi za Kongo huwaita kadhafi. Bidoni moja safi, nyingine imechanganywa, na mnunuzi hana kipimo ila pua yake. Petroli dhaifu ikibanwa na presha kubwa hulipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga, na pistoni inaanza kumeguka ukingoni. Gari lenye presha moja tu iliyofungwa linamlazimu fundi achague kwa kuiwazia bidoni mbaya kuliko zote, au aweke roho yake rehani. Lenye ngazi mbili za presha, zinazochaguliwa kwa swichi, linaruhusu mazungumzo mafupi ya asubuhi kati ya dereva na fundi wake:

"Yaya, leo nimeweka ya kadhafi."

"Basi zima swichi, mdogo wangu. Ukae kwenye springi."

Saab waliifanya mashine izungumze hivyo yenyewe. Mhandisi wao Per Gillbrand na wenzake walitoa mwanzoni mwa miaka ya 1980 mfumo walioupa jina APC: sensa ilisikiliza injini ikigonga, na vali ya umeme ikapunguza presha mara moja, ili gari moja litumie petroli za ubora tofauti. Ninapomwona dereva akizima swichi kwa sababu ya harufu ya bidoni, naona APC ya nyama na damu.

Katika kuuleta uamuzi huo ndani kwa dereva ndipo penye ufundi wa kuchagua. Njia inayokuja haraka kichwani ni kuivuta ile mipira miwili myembamba kupitia ukuta wa injini, mpaka kwenye dashibodi, na kuiweka vali mbele ya dereva ang'ae nayo. Fundi aliyefikiri hafanyi hivyo. Kila sentimita ya mpira ni hewa inayopaswa kujazwa kabla utando haujapata habari. Mpira wa mita mbili kwenda na mita mbili kurudi unachelewesha habari hiyo, na katika kuchelewa huko presha inaruka juu ya mpaka kabla kilango hakijafunguka. Mshale wa geji unapiga kichwa, kisha unarudi. Mapigo hayo madogo ndiyo yanayoua gasketi ya silinda hedi, huku mwenye gari akiapa kwamba hajawahi kupita namba aliyopewa.

Kwa hiyo mipira inabaki mifupi karibu na turbo, na kinachoingia ndani kwa dereva ni waya. Fundi anapanga njia mbili za hewa. Moja inatoka kwenye kompresa moja kwa moja hadi kwenye kikopo. Nyingine inapita kwenye kifaa cha gololi. Katikati ya njia ya moja kwa moja anaweka vali ya umeme, solenoidi, ya aina inayobaki wazi isipopata umeme. Swichi ikizimwa, hewa inapita moja kwa moja, springi inatawala, presha iko sakafuni. Swichi ikiwashwa, solenoidi inaziba njia hiyo, hewa inalazimika kupigana na gololi, presha inapanda ngazi ya pili. Tazama alivyochagua upande wa kushindwa. Waya ukikatwa na panya, fyuzi ikiungua, swichi ya bei nafuu ikifa barabarani kati ya Kamina na Kaniama, gari linarudi kwenye presha ndogo na kuendelea na safari. Angeweza kuipanga kinyume kwa vifaa vilevile na jasho lilelile, na siku ya kwanza hakuna ambaye angejua tofauti.

Toyota wenyewe waliuza wazo hilo dukani. Starlet zao zenye injini ya 4E-FTE, ya sentimita za ujazo 1,331 na turbo ya CT9, zilikuwa na hali mbili, ndogo ya bar 0.4 na kubwa ya bar 0.65, na dereva akichagua kwa kitufe. Gari la mjini, injini ndogo kabisa, na bado waliona dereva ana haki ya kuchagua.

Kuna ajali moja ambayo solenoidi haiiwezi. Mpira unaoingia kwenye kikopo ukichomoka au ukipasuka, utando hauna habari kabisa, kilango hakifunguki kamwe, na turbo inapanda mpaka injini iseme basi. Ndiyo maana sina subira na kazi iliyofungwa kwa mpira wa plastiki unaolainika kwa joto, hata kama swichi yake ni ya kupendeza na ina taa ya bluu. Mpira wa silikoni au wa mafuta wenye nyuzi ndani, kibanio kila mwisho, na njia isiyogusa manifoldi ya moshi. Fundi anayejali huongeza swichi ya presha iliyofungwa kwenye manifoldi ya hewa ambayo, presha ikivuka mpaka, hukata umeme wa nozeli. Injini inashikwa shati ghafla, dereva anatukana, pistoni zinabaki.

Sasa turudi kwenye hesabu ya mwinuko, ambayo nimeiona ikiwachanganya hata mafundi wenye mikono mizuri. Geji ya turbo kwenye gari, tofauti na ile ya Harvard, inaanza kwenye sufuri kila mahali, kwa sababu inapima tofauti kati ya hewa ya ndani na hewa ya nje. Springi ya kikopo nayo ni hivyohivyo, mgongoni mwake kuna hewa ya mji ilipo. Dar es Salaam hewa ya nje ni kama bar 1.01, Kamina ni kama 0.89. Gari lenye geji inayosoma 0.7 linavuta jumla ya bar 1.71 pwani, na 1.59 tu Kamina. Mshale uleule, nguvu tofauti. Kijana aliyeagiza gari kupitia bandari ya Dar analipokea Kamina na kusema turbo imechoka. Haijachoka. Ili apate jumla ileile ya 1.71, geji yake inapaswa kusoma 0.82.

Lakini bei ya hiyo 0.82 hailipwi kwa nguvu peke yake. Pwani kompresa ilikuwa inaibana hewa mara 1.69; Kamina, kufikia jumla hiyohiyo, inaibana mara 1.92, na ili kufanya hivyo inazunguka kwa kasi zaidi na kuichemsha hewa zaidi. Hata tukiiacha geji kwenye 0.7 palepale, kwa kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70 na hewa ya nyuzi 30, hewa inatoka na nyuzi kama 100 pwani na kama 108 Kamina. Kabla ya kufikiria kupandisha ngazi ya pili, kipozeo cha hewa kinapaswa kuwa na afya, mapezi yake yakiwa hayajajaa udongo. Kisha fikiria safari ya kurudi. Gari lililopangwa kwa 0.82 Kamina, likishuka mpaka Dar bila kuguswa, litavuta jumla ya 1.83, na hapo petroli iliyovumilia mlimani itaanza kugonga. Swichi ya ngazi mbili inamwokoa dereva kwenye barabara hiyo bila bisibisi.

Ubishi huu na mwinuko ni wa zamani kama turbo yenyewe. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo lake mwaka 1905, na mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss wa General Electric alipandisha injini ya ndege ya Liberty mpaka kilele cha Pikes Peak, mita kama 4,300, ili kuonyesha kwamba turbo inaweza kurudisha nguvu ambayo hewa nyembamba imeichukua. Hakwenda huko kutafuta nguvu ya ziada.

Kupanga ngazi ya pili kunahitaji barabara, na barabara nzuri Kamina ni chache. Njia ndefu ya kurukia ndege iko kambini, ni ya jeshi, na haikopeshwi. Kwa hiyo fundi analipakia gari magunia ya mahindi au makaa, analipeleka kwenye mwinuko, na kulivuta kwa gia ya tatu: mzigo unaifanya injini ifanye kazi kamili bila mwendo wa kutisha. Skrubu inaongezwa robo mzunguko, nati inakazwa, gari linavutwa, geji inasomwa na mtu wa pili ili dereva aangalie barabara. Kisha wanasubiri lipoe. Kisha robo nyingine. Anachomoa plagi na kuitazama kwenye mwanga wa jua; madoa madogo yanayong'aa kwenye kauri ni aluminiamu ya pistoni, na hapo kazi inasimama siku hiyo.

Kusikia kugonga ndani ya kelele zote hizo kuna ala yake. Fundi anachukua bomba jembamba la shaba la friji, analiponda mwisho mmoja mpaka liwe bapa, analitoboa, analifunga kwa bolti kwenye bloku ya injini. Mwisho wa pili anauvalisha mpira mrefu unaoingia ndani ya gari mpaka kwenye vifuniko vya masikio. Ukivaa, kwanza unasikia dunia nyingine: vali, cheni, pampu ya maji. Kugonga kunakuja juu ya hayo yote, kukavu, kama kokoto zikirushwa juu ya bati. Wapo wanaopanga presha kwa kompyuta na grafu, na wanafanya vizuri, lakini kwa injini isiyo na sensa ya kusikiliza, bomba la shaba na mtu aliyezoea kulisikiliza vinatosha kuokoa mtaji wa mwaka mzima.

Ufundi wa springi na hewa haukuishia uani. Kwenye Safari Rally ya Kenya ya mwaka 1994 Ian Duncan, mwana wa nchi, alishinda na Toyota Celica yenye turbo. Magari ya ngazi ile yalikwisha kuwekewa sharti: hewa yote ipite kwenye tundu la kipimo maalum kabla ya turbo, ili presha isiwe na maana kubwa. Mwaka uliofuata timu ya Toyota ilikamatwa kwenye mashindano ya Catalunya ikiwa na turbo iliyotengenezwa ili tundu lile lisogee na hewa ipite pembeni, na ikafungiwa miezi 12. Kama kazi ya chuma na springi, ilikuwa ya ajabu, ikionekana halali kila ilipofunguliwa. Siisifu kama mchezo. Nasema tu kwamba vidole vilivyoitengeneza vilijua springi.

Wengi Kamina hawana Celica. Wana Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, isiyo na turbo tangu kiwandani, na mwinuko unaionea kila siku. Kuifungia turbo ni jambo la kawaida duniani kote inakotumika. Ila akili ya petroli haifai hapa. Dizeli haigongi kwa presha kwa namna ile. Hewa zaidi bila mafuta zaidi inaipoza. Hatari iko kwenye skrubu ya mafuta ya pampu, inayofunguliwa ili kuifuata hewa mpya. Pampu ya 1HZ haikutengenezwa kuijua presha ya turbo, na mafuta yakizidi moshi mweusi unatoka, joto la moshi linapanda, na silinda hedi inapata ufa. Injini hiyo pia inabana sana tangu awali, zaidi ya mara 22, kwa hiyo presha ya nusu bar inaitosha. Mwenye 1HZ akiniuliza aanze na swichi gani, ningemwambia aanze na geji ya joto, sensa yake ifungwe kabla ya turbini, na swichi ije baadaye kama fedha zitabaki.

Siku ya kukabidhi gari fundi anaipaka nati rangi, mstari mmoja unaovuka nati na mwili wa kifaa, ili akirudishiwa gari lenye matatizo ajue kama kuna mkono mwingine uliopita. Na watarudi. Kijana atakaa na ngazi ya pili wiki chache, masikio yatazoea, na atataka ya tatu. Jibu la fundi linatokana na ile namba ya chaki: kwa kawaida kifaa hiki kinatawala vizuri mpaka karibu mara mbili ya presha ya springi. Ukivuka hapo, moshi wenyewe unaanza kusukuma kilango na presha inayumba. Anayetaka zaidi anahitaji kikopo kingine chenye springi ngumu, na akibadilisha sakafu anahitaji nozeli za kuilisha, pampu ya mafuta ya kuzifuata, kipozeo kikubwa, na petroli ambayo kadhafi hana. Hiyo ni kazi nyingine, kwa bei nyingine, na inaanza upya na pampu ya baiskeli.